Vipimo vya uhai: Mtambo unapoandika badala ya muuguzi

VIPIMO vya uhai ni mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili, kasi ya kupumua na kiwango cha oksijeni katika damu. Katika idara ya dharura, muuguzi anapoviandika kwa mkono, kisha vinakiliwe tena kwenye kompyuta, tarakimu moja ikipotoka mgonjwa mahututi huonekana mzima.

Mitambo ya kisasa hutuma vipimo moja kwa moja kwenye rekodi ya mgonjwa, pamoja na saa vilipochukuliwa. Hata hivyo, kupumua mara nyingi bado huhesabiwa kwa macho.

Zito zaidi, hasa kwetu Waafrika, ni kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha kifaa hicho na vipimo vya damu yenyewe. Kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi ilikuwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Kwa weupe, asilimia 3.6. Mtambo hunakili kosa hilo kwa uaminifu kamili. Daktari mwenye shaka huagiza damu ya ateri ipimwe.