Bandari ni ya Nani? Kilwa, Wingu na Muziki wa Wasanii wa Kujitegemea

Kilwa haikuchimba dhahabu. Dhahabu iliyoujengea mji huo jina ilitoka bara, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, kisha ikapakiwa majahazini kuelekea kaskazini. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji mzuri uliojengwa vyema. Utajiri huo haukutoka shimoni, bali bandarini. Mwenye bandari alitoza ushuru. Mchimbaji wa bara hatumjui hata jina.

Naikumbuka historia hiyo kila wanafunzi wanaponiuliza kama teknolojia ya wingu imemkomboa msanii asiye na kampuni nyuma yake. Kijana wa Mitole, wilayani Kilwa, mwenye simu na kompyuta chakavu, anaweza kupakia wimbo asubuhi ukasikilizwa Muscat au London kabla ya jua kuchwa. Hilo ni jambo kubwa, na anayelibeza hajui tulikotoka. Hata hivyo, wingu hilo halielei angani. Ni kompyuta za kampuni fulani, katika majengo yenye wenyewe. Kwa hiyo swali la Kilwa lingali palepale: bandari ni ya nani?

Tuanze na mwaka 1928. Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili sauti zao ziingizwe katika santuri. Ilibidi mwimbaji aifuate mashine ng'ambo, na mashine ilikuwa mali ya kampuni ya kigeni.

Baada ya Uhuru, Tanzania Bara ilipata bandari yake yenyewe: Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi katika studio zake, na nyimbo zikasikika nchi nzima. Haki ya historia inatutaka tukiri kwamba bila redio hiyo ya umma sehemu kubwa ya muziki wetu isingehifadhiwa kabisa. Lakini kurekodiwa kwa ajili ya matangazo si kuuziwa kazi yako sokoni. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo waliotaka kuuza walikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro ni mmoja wao. Alifariki dunia hukohuko Kenya mwaka 1979. Maelfu ya kanda yalibaki katika maktaba ya redio, yakiwa urithi wa taifa ambao aghalabu watoto wa waliourithisha hawakuona faida yake.

Kisha zikaja kaseti. Kwa fedha kidogo kibanda cha mtaani kilikunakilia nyimbo uzipendazo, na msikilizaji wa kijijini akapata muziki ambao asingeupata kwa njia nyingine. Msanii alipata umaarufu pasipo malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, ilikuja kuziba pengo hilo. Lakini kabla haijakita mizizi, kaseti ilikuwa imeipisha sidii, na sidii ikaipisha memori kadi. Sheria ilikuwa ikimfukuza mwizi aliyekwisha kubadili gari.

Singeli ni zao la zama hizo. Vijana wa Dar es Salaam waliitengeneza katika studio ndogo na kuisambaza kwa simu na flashi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, uliopewa jina la studio ya Mburahati, na muziki wa uswahilini ukapata wasikilizaji Ulaya. Huo ni ushahidi kwamba wingu linaweza kumfikisha mtu mbali bila kibali cha wakubwa.

Lakini tazama masharti ya bandari hii mpya. Spotify iliingia Tanzania mwaka 2021. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi mrabaha. Kwa nyota wa Dar es Salaam idadi hiyo si kitu. Kwa mwimbaji wa ngoma za Kimatumbi inaweza kuwa ukuta. Bandcamp, iliyosifiwa kwa kumwachia msanii sehemu kubwa ya mapato, iliuzwa mwaka 2022, ikauzwa tena 2023. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kupoteza mafaili yaliyopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kufikia milioni 50. Na Mei 2024 mikongo miwili ya baharini ilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota. Wingu letu, kumbe, limelala chini ya bahari ileile iliyobeba majahazi ya Kilwa.

Sisemi tuikimbie bandari hiyo. Nasema tusiweke mali yote katika ghala la mtu mmoja. Wahenga walionya: mali bila daftari huisha bila habari. Msanii abaki na nakala halisi ya kazi yake, aisajili, na aandike ndani ya faili majina ya mtunzi, wapigaji na mahali. Serikali nayo, iliyowahi kujenga redio ya umma, haina budi kujenga hifadhi ya umma ya kidijitali inayopokea kazi za wilayani, ikiwa na kanuni zilizo wazi na bila kuigeuza kuwa chombo cha kuchuja nyimbo zisizowapendeza watawala.

Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Hatujui zilifikaje huko. Zilitambuliwa kwa sababu zilipigwa chapa ya majina ya masultani. Walioichimba dhahabu ya Sofala hawakuacha chapa yoyote, na historia haikuwalipa hata kwa kuwataja. Wimbo wa Mitole nao utasafiri; kilichobaki ni kuamua kama utasafiri ukiwa na jina la aliyeutunga.