Dawa Inayoamkia Mwilini

Kwetu Tungue, mtoto akivimba taya watu husema ni jino. Ndivyo tulivyosema juu ya mtoto wa shangazi yangu, mpaka uvimbe ukamfunga jicho. Hospitalini tuliambiwa ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt, akatiwa dripu yenye saiklofosfamaidi. Alipona. Insha hii imetokana na swali la shangazi: dawa iliyoingilia mkononi ilijuaje kwamba ugonjwa uko tayani?

Haikujua. Dawa hiyo ilitangazwa Ujerumani mwaka 1958. Waliyoibuni, katika kampuni ya Asta, walitaka sumu iliyolala: ipite mwilini bila kudhuru, kisha iamshwe na vimeng'enya vya uvimbe wenyewe. Mwili ukafanya vingine. Ilibainika kwamba kinachoiamsha ni ini, na ikishaamka husambaa na damu kila mahali. Ndiyo maana mtoto wetu alinyonyoka nywele.

Mwaka huohuo wa 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe huu wa taya. Mwaka 1961, yeye na wenzake Edward Williams na Clifford Nelson walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani yao ilifuata joto na mvua, ikashuka Msumbiji kwa ukanda wa pwani. Sisi Tungue tulitenganishwa na Zanzibar mwaka 1887, Wareno walipotunyakua kutoka kwa Seyyid Barghash. Ugonjwa haukuujua mpaka huo.

Wakati huo Uganda haikuwa na tiba ya mionzi, hivyo Burkitt akajaribu dawa, saiklofosfamaidi ikiwemo. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo.

Naona nia ya Wajerumani wale haikufa. Imebadilika mwamshaji tu. Mwaka 2011 watafiti wa Edinburgh walionyesha kuwa chembe za paladi, zenye ukubwa wa kupimwa kwa nanometa, zinaweza kuendesha kemia ndani ya seli hai. Mwaka 2017, wakishirikiana na wenzao wa Zaragoza, Hispania, walitumia dhahabu kuamsha dawa za saratani, wakaipima kazi ya dhahabu hiyo ndani ya ubongo wa samaki. Metali huchaguliwa kwa kuwa mwili hauna kimeng'enya kinachofanya kazi yake, na kwa kuwa ni kichocheo: haiishi kwa kutumika. Ukiiweka ndani ya uvimbe, dawa iliyolala itaamkia hapo.

Lakini mwaka 1958 unatuonya. Kilichonyooka katika karatasi, mwili unaweza kukipinda. Tena samaki si mtoto, na saratani iliyokwisha kutawanyika haina mahali pamoja pa kuwekea chembe.

Hata hivyo, historia hii haikuandikwa Ulaya peke yake. Iliandikwa pia na watoto wa Kampala waliokubali sindano kabla ya yeyote kuwa na hakika. Shangazi nimemjibu hivi: dawa haikujua taya liko wapi, ila sasa kuna wanaojaribu kuifundisha. Akauliza, "Wakimaliza, itafika Tungue?" Hilo ndilo sehemu ya historia ambayo haijaandikwa.