Wageni Wasioalikwa: Nge na Watambaazi wa Kigeni Katika Nchi ya Uingereza

Mtu akisema kwamba Uingereza kuna nge, wengi watamcheka. Nge twamjua kuwa mnyama wa nchi za jua, akaaye chini ya mawe na katika makuti ya paa; nchi ya baridi na ukungu haimfai. Lakini habari hii ni ya kweli, na leo twataka kueleza jinsi nge huyo alivyofika huko, na jinsi nyoka, mijusi na kobe walivyomfuata. Habari zao ni sehemu ya historia ya wanadamu pia, kwani hakuna hata mmoja wao aliyefika kwa nia yake mwenyewe.

Kwanza yatupasa kujua kwa nini watambaazi wa asili wa nchi ile ni wachache. Hapo kale sehemu kubwa ya Uingereza ilifunikwa na barafu, na wanyama wapendao joto walikufa au walirudi kusini. Barafu ilipokwisha kuyeyuka, yapata miaka 12,000 iliyopita, walianza kurejea kwa njia ya nchi kavu, maana wakati ule Uingereza ilikuwa imeungana na bara la Ulaya. Lakini maji ya bahari yalizidi kupanda, na yapata miaka 8,000 iliyopita nchi ikawa kisiwa. Hapo mlango ulifungwa. Watambaazi wa nchi kavu waliokwisha kuingia walikuwa aina sita tu: nyoka aina tatu, na mijusi aina tatu, ambao mmoja wao hana miguu, hata watu wengi humdhania nyoka. Katika hao wote mwenye sumu ya kudhuru watu ni nyoka mmoja tu, wa ukoo wa kifutu. Nge hakuwamo kabisa. Basi mtambaazi yeyote akaaye porini huko leo, naye si wa aina hizo sita, aliletwa na mkono wa mtu.

Nge wa Uingereza akaa katika mji wa Sheerness, katika kisiwa cha Sheppey, jimbo la Kent, mahali mto Medway unapoingia baharini karibu na mto Thames. Hapo palikuwa na gudi la manowari za mfalme tangu mwaka 1665, na kuanzia mwaka 1813 lilijengwa upya kwa kuta kubwa za mawe na matofali. Yasadikiwa kuwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 merikebu zilizoleta mawe kutoka Italia zilileta na nge ndani ya shehena. Mabaharia walishusha mawe, na nge wakashuka nao. Wakaona nyufa za kuta, wakaingia. Manowari ziliondoka Sheerness mwaka 1960, na gudi likawa bandari ya biashara, lakini nge hawakuondoka. Hukadiriwa kuwa wako kati ya 10,000 na 15,000.

Huenda mtu akauliza, waliwezaje kuishi katika baridi ile? Siri yao ni mbili. Ya kwanza ni ukuta wenyewe. Ukuta uelekeao kusini hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, na ndani ya ufa upepo haufiki. Ya pili ni uvumilivu. Nge huyo hatumii nguvu zake ovyo. Usiku husimama mlangoni pa ufa wake, akingoja wadudu wadogo wapitao, na akikosa chakula aweza kukaa muda mrefu bila kula. Urefu wake hauzidi inchi 2, mwili wake ni mweusi, na mkia wake una rangi ya manjano. Akiuma, maumivu yake ni kama ya nyuki, tena kwa kawaida hukimbia kuliko kupigana. Watu wapendao kumtazama huenda usiku na taa ya namna maalumu, ambayo miali yake haionekani kwa macho. Ikimwangukia nge, mwili wake hung'aa kama kijani na buluu ukutani.

Nyoka naye aliingia kwa njia nyingine. Katika Ulaya ya kusini yuko nyoka mrefu, awezaye kufikia futi 6, asiye na sumu, ambaye jina lake latokana na Asklepios, mungu wa uganga wa Wayunani wa kale, aliyechorwa akishika fimbo iliyozungukwa na nyoka. Mwaka 1963 bustani ya wanyama ilifunguliwa Colwyn Bay, upande wa kaskazini wa Wales, na yapata mwaka 1970 baadhi ya nyoka hao walitoroka humo. Walizaana vichakani, na wazao wao wangali huko hata sasa. Wengine wako katika jiji la London lenyewe, kando ya mfereji uitwao Regent's Canal. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bangor walitia vyombo vidogo vya redio katika miili ya nyoka wa Colwyn Bay, wakaona kwamba hupenda kujificha katika kuta na dari za nyumba na katika marundo ya majani yaozayo, mahali penye joto. Chakula chao kikubwa ni panya. Na ajabu ni hii: mifupa ya kale ya nyoka wa aina hiyo imeonekana katika ardhi ya Uingereza, ya zama za joto zilizotangulia barafu ya mwisho. Basi huyu ni mgeni aliyerudi katika nyumba ya babu zake.

Kuna na mjusi wa ukutani, atokaye bara la Ulaya, ambaye sasa ameenea katika pwani ya kusini, kama vile Ventnor, Portland na Bournemouth. Wengine walitoroka kwa wafugaji, wengine waliachiwa kusudi. Tena kuna kobe wa majini kutoka Marekani, mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto walipendezwa sana na sinema za kasa mashujaa, na wazazi wakawanunulia vitoto vya kobe, vidogo kama sarafu. Lakini kobe alikua akawa kama sahani, maji yake yakanuka, watu wakachoka, wakamtupa ziwani. Mwaka 1997 mataifa ya Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa miongoni mwao wakati ule, yalikataza kumwingiza.

Je, wageni hawa watendewe nini? Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nge amepewa jembe lake: hula wadudu wa ukutani, wala haingii katika riziki ya mwenyeji yeyote. Nyoka wa Colwyn Bay hula panya. Lakini mjusi wa ukutani hutaka jua lile lile na wadudu wale wale watakiwao na mijusi wa asili, naye aweza kutaga zaidi ya mara moja kwa mwaka, hali mjusi wa kawaida wa huko huzaa mara moja tu. Wachunguzi wameonya kwamba mwenyeji aweza kusukumwa nje ya nyumba yake. Kobe naye hawezi kuzaana kwa urahisi huko, kwani joto la kiangazi halitoshi kuangua mayai yake, lakini umri wake ni mrefu, na kwa miaka mingi hula wanyama wadogo wa ziwani.

Kwa hiyo sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ilifanya kuwa kosa kumwachia porini mnyama asiye wa nchi ile. Tuangalie vizuri: sheria hiyo yamshtaki mtu afunguaye mlango, si mnyama apitaye. Nayo ni haki, kwa sababu nge hakujua kwamba jiwe lake lingesafiri, wala kobe hakuomba kununuliwa. Kufungua mlango ni kazi ya dakika moja. Kuta za Sheerness zatuonyesha kwamba aliyeingia aweza kukaa miaka 200, hata merikebu iliyomleta isahauliwe jina.