Mjakazi wa Banda

Hebu msomaji nikuulize: konokono anaweza kumuua mtu? Usicheke. Yupo, na ni mzuri kweli. Gamba lake limejaa pembetatu nyeupe juu ya kahawia na manjano, utadhani kitambaa kilichofumwa. Ndiyo maana mwaka 1758 Linnaeus alimwita Conus textile.

Lakini uzuri huo una chusa. Jino lake ni bomba jembamba lenye sumu, analowachomea konokono wenzake kabla ya kuwala. Ukimshika, nawe anakuchoma. Sumu hupooza misuli, hata ile ya kupumulia, na dawa ya kuizima haipo mpaka leo.

Kati ya habari za kwanza kuandikwa juu ya kifo cha namna hii ni ile ya Georg Rumphius, Mjerumani aliyeajiriwa na Kampuni ya Kiholanzi kule Ambon, Indonesia ya leo. Alipofuka macho mwaka 1670, hakuacha kazi. Alifariki 1702, kitabu kikatoka 1705. Humo anamtaja mjakazi mmoja wa Banda aliyeokota konokono huyu watu walipokuwa wakivuta juya. Alihisi muwasho kidogo mkononi. Muwasho ukapanda mkono, ukaenea mwilini, akafa. Basi, mistari michache tu.

Kwani mjakazi alifikaje Banda? Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen alivivamia visiwa hivyo kwa uchu wa kungumanga. Wenyeji wengi waliuawa, wengine wakafa njaa au wakahamishwa, na mashamba yakajazwa watumwa. Kumbe kabla ya sumu ya konokono palikuwa na sumu nyingine.

Sasa tazama, ndugu yangu. Konokono ana jina la Kilatini. Coen ana sanamu mjini Hoorn. Rumphius anasomwa hadi leo. Mama yule hana hata jina alilopewa na mamake, ingawa mkono wake ndio uliofundisha kilichomo ndani ya gamba lile.

Konokono huyu anaishi hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Maji yakitoka ukamwona, mwache alipo. Na wewe unayejifunza kuandika, siku ukimwandika, usianze na gamba. Anza na yule aliyelishika.