Shanga Hazikuletwa na Meli: Historia ya Hasla Yetu Huku Kilifi

Wasee, tuanze na hii moja kwa moja. Ushanga wa zamani zaidi unaojulikana hapa Kenya haukupatikana Umasaini wala Turkana. Umepatikana Kilifi.

Mahali penyewe panaitwa Panga ya Saidi. Hapa panga si ile ya kukatia majani, ni pango kubwa la mawe ya chokaa, kama kilomita 15 kutoka baharini. Huenda ulilisikia 2021 wakati habari ya "Mtoto" ilizunguka dunia nzima, yule mtoto wa kama miaka mitatu aliyezikwa pale miaka 78,000 iliyopita. Habari ya shanga ilitoka kabla ya hiyo, 2018, na haikupata kelele kama zile. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walichimba wakakuta ushanga uliotengenezwa kwa kombe la konokono wa baharini. Umri wake ni kati ya miaka 67,000 na 63,000. Wakakuta shanga nyingine za kombe za miaka kama 33,000, na baadaye, kuanzia miaka 25,000 iliyopita, shanga za ganda la yai la mbuni.

Sasa sikia kitu kilichonifanya nisimame. Watafiti hao hao wanasema watu wa pango lile hawakuwa wakitegemea bahari kwa chakula. Walikula vya msituni na vya nyikani. Lakini kombe la bahari lilifika pangoni. Maana yake kuna mtu alibeba kitu kutoka pwani si kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu kinapendeza. Kabla ya kilimo, kabla ya chuma, kabla ya mji wowote, mtu wa Kilifi alishaona umuhimu wa kujipamba.

Naandika haya kwa sababu mimi kazi yangu ni hiyo. Natengeneza hereni, bangili, vikuku na shanga za kiunoni, nauza mtandaoni na kwa wageni wakati wa msimu. Chuo niliacha mwaka wa pili. Kwa hivyo maswali mawili nayajua vizuri. La kwanza linatoka kwa watu wa nyumbani: "Na kazi utaanza lini?" La pili linatoka kwenye kamenti, na linauma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake: "Si shanga zenyewe zinatoka nje? Sasa wewe hapo umetengeneza nini?"

La kwanza nawaachia wazazi. La pili nataka tulijibu kwa historia, maana hii Pwani imelijibu mara kadhaa, na si kila jibu lilitufaa.

Kiwanda kilikuwa nyumbani

Miaka kama 1,200 hivi iliyopita, kwenye vijiji vya mwanzo vya Waswahili, shanga zilitengenezwa hapa hapa. Wanaakiolojia wamepata ushahidi Shanga, mji wa kale kisiwani Pate (ndiyo, unaitwa hivyo hivyo), na pia Tumbe kule Pemba, kijiji cha karne ya 7 hadi ya 10. Ushahidi wenyewe ni vigae. Chungu kikivunjika, mtu anachukua kigae, na juu yake anasugulia vipande vya kombe mpaka viwe mviringo. Akisugua sana, kigae kinabaki na mifereji. Vigae vyenye mifereji kama hiyo vilipatikana Tumbe kwa wingi ajabu, na waliovichunguza wanasema kazi ile ilikuwa ya majumbani. Hakukuwa na karakana ya mfalme.

Yaani ni wewe na mimi. Mtu kwao, kifaa alichookota bure, malighafi kutoka ufukweni. Ukate kombe, utoboe, usugue. Ushanga mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine.

Mtu akikuambia hasla ya nyumbani ni ujanja wa vijana wa siku hizi waliokosa kazi, mwambie Tumbe walikuwa nayo kabla Uingereza haijawa nchi moja.

Halafu kioo kikaja

Shanga za kioo hazikuanza juzi kufika huku. Kuna kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, *Periplus*, kinachowaelekeza mabaharia kuhusu bandari za Bahari ya Hindi. Kikifika Afrika Mashariki kinataja vitu vilivyoletwa, mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, na vilivyochukuliwa, pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Lakini kwa karne nyingi kioo kilikuwa kidogo. Kuanzia kama karne ya 11 kikaongezeka sana, hasa kutoka India, na wakati huo huo vile vigae vyenye mifereji vinaanza kupotea ardhini.

Sababu haihitaji digrii. Fundi wa India alikuwa anavuta kioo cha moto kiwe mrija mrefu mwembamba wenye tundu katikati, halafu anaukatakata. Mrija mmoja unatoa shanga nyingi kwa mpigo, za rangi nyekundu, njano, buluu. Wewe na kigae chako bado unasugua ya nne. Hapo hakuna ushindani, bana.

Pwani haikufa njaa, hiyo lazima isemwe. Ilibadilisha kazi. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza jinsi wafanyabiashara wa Kilwa, Mombasa na Malindi walivyokuwa wakipeleka nguo na shanga ndogo za kutoka Cambay, India, mpaka Sofala kusini, na kurudi na dhahabu. Biashara kubwa kweli. Watu walijenga majumba ya mawe.

Ila mimi naona kuna kitu tulikibadilisha hapo bila kelele. Mtengenezaji wa nyumbani alipungua, mchuuzi akaongezeka. Pesa ikamfuata mwenye chombo na mwenye ghala. Yule mwenye kigae akawa mnunuzi.

Ukitaka kuona matokeo yake, panda matatu ya Malindi ushukie Gede. James Kirkman alipoanza kuchimba pale 1948, nyumba alizipa majina kulingana na vitu alivyovikuta ndani. Kuna Nyumba ya Kauri, na kuna Nyumba ya Ushanga wa Venice. Huo ni mji wa ndani ya msitu, ulihamwa karne ya 17, na ndani yake kuna ushanga wa Italia. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia. Sisi tunaokaa nao jirani, wengi tulienda mara moja tu na safari ya shule, tukakimbizana na nyani, tukarudi.

Zawadi za Vasco

Hii napenda kuisimulia kwa sababu mnara wa Vasco da Gama pale Malindi kila mtu ameshapiga picha nao. Vasco alifika Aprili 1498. Kumbukumbu ya safari yake inataja zawadi alizompelekea mfalme wa Malindi: joho, kamba mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, vikengele, na vipande viwili vya kitambaa. Mfalme akamrudishia kondoo sita, pamoja na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili.

Angalia hiyo mizani. Malindi wakati huo ilikuwa na meli za India bandarini. Hawa si watu wa kushangazwa na beseni. Wareno walikuja wakidhani mapambo kidogo yatatosha, wakakuta wateja wanaojua bidhaa. Na baadaye walijifunza kwamba ukitaka dhahabu ya kusini, unaleta shanga ambazo watu wenyewe wanazitaka, si unazozipenda wewe.

Mteja ndiye aliyeamua rangi

Hapa ndipo historia inapotupa kitu cha kushika. Karne ya 19 shanga zilikuwa pesa kwenye misafara ya kutoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara. Nyingi zilitengenezwa Venice. Richard Burton, aliyesafiri njia hiyo 1857 hadi 1859, alihesabu aina kama 400. Zile nyekundu ziliitwa samesame, na zilikuwa na majina ya mtaani pia. Moja ni kimara-pamba, yaani mtu anatoa hata chakula chake azipate. Jingine maana yake ni kivunja mji, kwa vile wanawake walizipenda mpaka mji unatikisika. Manze, nani alikuwa anawaandikia matangazo hawa watu?

Lakini mtindo ulibadilika kila mahali na kila msimu. Ushanga unaogombaniwa mji huu, mji wa pili hawautaki hata bure. Msafiri akibeba rangi isiyo, mzigo wote ni takataka na wapagazi wanataka kula. Kwa hivyo mafundi wa kioo Italia, na wenye maduka Zanzibar, walilazimika kufuata jicho la wanawake wa Unyamwezi na kwingineko ambao hawakuwaona hata siku moja. Kioo kilikuwa chao. Uamuzi wa nini ni kizuri ulikuwa wa huku.

Sasa tunauza nini?

Turudi kwa yule wa kamenti. Ni kweli, shanga nyingi ninazotumia zimevuka bahari. Hata zile ndogo ndogo ambazo dunia nzima inaziita za Kimasai, nyingi zimetoka Jamhuri ya Cheki na siku hizi China. Hilo halijawafanya Wamasai kuwa wanaigiza. Rangi gani ikae na gani, nani avae nini na lini, hayo hayakuja na meli. Kwa hivyo jibu la kwanza ni kwamba tunauza jicho na mkono, na hivyo vina bei.

Bei yenyewe tuiseme wazi. Kama vifaa vya bangili ni shilingi 120, umekaa nayo masaa mawili, halafu mtu ufukweni anakubembeleza mpaka unamwachia kwa 200, umejilipa shilingi 40 kwa saa. Hiyo si bei ya urafiki. Umefanya vile vile Pwani ilivyofanya wakati kioo kilipokuja: umekubali kwamba thamani iko kwenye ushanga na si kwa aliyeushika.

Jibu la pili ni gumu kidogo. Jicho peke yake halitoshi. Ukiwa huna malighafi yako mwenyewe, kila siku dola ikipanda wewe unashuka. Na malighafi ya zamani hatuwezi kuirudia hivi hivi. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968, na kuokota makombe mle ni kosa. Magamba ya ng'amba, yale yaliyosafirishwa tangu enzi za *Periplus*, leo ni marufuku kabisa kuyauza, na ni sawa iwe hivyo, maana ng'amba wenyewe wamebaki wachache. Anayekuuzia bangili ya gamba la kasa anakuuzia kesi.

Lakini hii ni Kilifi, jamani. Minazi imejaa. Kifuu, kitu ambacho mama anakitia jikoni kama kuni, ni kigumu, kinang'aa ukikisugua, na kinatobolewa vizuri. Kata, toboa, sugua. Msasa umechukua nafasi ya kigae, basi. Mimi mkusanyo wangu unaokuja nusu yake ni vifuu, na ni polepole, vidole vinachubuka, lakini hakuna kontena bandarini Mombasa linaloweza kunipangia bei yake. Kuna mafundi wa Malindi wameanza hii zamani kuliko mimi, wakiuza vifungo na hereni kwa Waitaliano, na wengi wetu tuliwapita tukienda kununua pakiti za shanga.

Sisemi tutupe kioo. Gede haikutupa. Nasema tusiwe wachuuzi tu wa kitu ambacho huku kilitengenezwa kabla ya mtu yeyote kuandika neno lolote kukihusu. Mteja akiuliza, mwambie ukweli: kioo hiki kimetoka nje, kifuu hiki kimetoka Ganze, mpangilio ni wangu. Ukweli huo unauza kuliko ule uongo wa "hii ilikuwa ya bibi yangu" tunaowapiga watalii.

Kama uko karibu, wikendi hii nenda Gede, uitafute ile Nyumba ya Ushanga wa Venice. Na kama unatengeneza kitu kwa kifuu, mfupa au shaba, weka picha hapo chini pamoja na bei yako halisi. Si ile ya kubembelezwa.