Vyakula vya Musoma, Bunda na Butiama

Vyakula vya Musoma, Bunda na Butiama, katika Mkoa wa Mara, Tanzania, ni mapishi yaliyotokana na ujirani wa wavuvi, wakulima na wafugaji, miongoni mwao Wajita, Wakwaya, Wazanaki na Wakurya.

Atembeaye kwa miguu mjini Musoma aghalabu huanzia Mwigobero, mwalo na soko lililo ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako dagaa, waliovuliwa usiku wa giza kwa nuru ya taa, huanikwa kunapopambazuka na kugeuzwageuzwa hadi wakauke. Sato hukaangwa, au huchemshwa kwa nyanya, vitunguu na limau. Ama sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950, minofu yake hupelekwa ng'ambo, ilhali mapanki, yaani mifupa iliyosaliwa na nyama haba, hukaangwa yakawa kitoweo cha wenye kipato kidogo.

Bunda, iliyo kwenye barabara kuu itokayo Mwanza, hulisha abiria na wenyeji. Butiama, alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922, iko mbali kidogo na ziwa, na huko, kama katika sehemu nyingi za mkoa, ugali wa mtama, ulezi au muhogo ndio msingi wa mlo. Mashuhuri zaidi, hasa kwa Wakurya, ni kichuri: nyama na matumbo yaliyopikwa kwa majimaji machungu ya utumbo wa mnyama, ladha ambayo mgeni huizoea taratibu na mwenyeji huiona kuwa tunu.