Mafini ya ndizi

Mafini ya ndizi ni keki ndogo ya duara inayookwa kwa unga wa ngano, ndizi mbivu zilizopondwa, mayai, mafuta na bikabonati ya sodiamu, kila moja katika shimo lake la trei au katika kikombe cha karatasi. Asili yake ni Marekani, na ni ndugu wa karibu wa mkate wa ndizi: rojo ni lilelile, tofauti ni chombo na muda wa kuoka tu. Haitumii hamira, kwa hiyo hakuna kusubiri unga uumuke. Tangu kupima unga hadi kutoa keki motoni huchukua dakika 40 hivi.

Kwa kuwa ndizi iliyoiva sana ina utamu wake yenyewe, mafini hii husifiwa mara nyingi kuwa chakula cha afya. Sifa hiyo hutegemea mapishi yenyewe. Mengi ya mapishi ya kawaida yana gramu 150 hadi 200 za sukari kwa mafini 12, kiasi kinachokaribiana na cha keki ya sherehe, na kuwemo kwa ndizi hakuondoi hata gramu moja ya sukari hiyo.

Jina
Neno mafini limetoka katika Kiingereza. Nchini Uingereza jina hilo lilikuwa, na bado ni, la mkate mdogo bapa wa hamira unaopikwa juu ya bamba la chuma. Keki ndogo ya kikombe ni ya Kimarekani. Katika maduka ya Afrika Mashariki hupangwa kando ya keki ndogo za vikombe zinazofanana nayo, lakini utengenezaji wake ni tofauti: katika keki siagi na sukari hupigwa kwanza mpaka vilainike, ilhali katika mafini vitu vya majimaji humiminwa tu juu ya vikavu na kukorogwa kidogo.

Historia
Keki zisizo na hamira zilianza kuenea Marekani mwishoni mwa karne ya 18. Kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons, kilichochapishwa mwaka 1796, kilikuwa na mapishi yaliyotumia chumvi ya majivu ya kuni ili kuumua unga. Mwaka 1843 mwanakemia Mwingereza Alfred Bird alitengeneza poda ya kuokea kwa ajili ya mke wake, ambaye tumbo lake halikupatana na hamira. Katika nusu ya pili ya karne hiyo poda za namna hiyo zilitengenezwa viwandani na kuuzwa kwa bei nafuu, na uokaji wa haraka ukawa jambo la kila jiko.

Ndizi ilichelewa kidogo. Hadi miaka ya 1870 ilikuwa tunda la anasa kwa Wamarekani wengi. Meli za mvuke na majokofu ndivyo vilivyoifikisha katika miji ya kaskazini kwa wingi, na kampuni ya United Fruit, iliyoundwa mwaka 1899, iliiuza kila pembe ya nchi. Mapishi ya mkate wa ndizi yalienea katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Sababu inayotajwa sana ni kwamba familia hazikutaka kutupa ndizi zilizokwisha kuwa nyeusi. Sababu hiyo ina ukweli, ingawa wauzaji wa unga, wa poda za kuokea na wa ndizi nao walikuwa wakigawa vijitabu vya mapishi, na si kwa huruma tu. Mwaka 2020, watu walipofungiwa nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19, mkate wa ndizi ulikuwa miongoni mwa mapishi yaliyotafutwa sana kwenye intaneti.

Ndizi inayofaa
Ndizi mbichi ina wanga mwingi. Inapoiva, gesi ya ethilini inayotolewa na tunda lenyewe huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na kufikia wakati ganda limejaa madoa ya kahawia wanga uliobaki ni asilimia chache tu. Papo hapo harufu huongezeka na nyama hulainika. Ndiyo maana ndizi ya njano safi, inayofaa kuliwa mkononi, hutoa mafini isiyo na ladha wala utamu wa kutosha, na mpishi hulazimika kuongeza sukari. Kwa anayetaka kupunguza sukari, kungoja siku tatu zaidi ndiyo hatua muhimu kuliko zote.

Ndizi zilizoiva kabla ya siku ya kuoka humenywa na kugandishwa. Zikiyeyuka hutoa maji mengi, nayo hutumiwa pamoja na nyama yake. Ndizi yenye ukungu au harufu ya pombe haifai.

Mapishi ya Kimarekani hutaja ndizi kwa idadi, na humaanisha Cavendish, ndizi ndefu ya madukani ambayo bila ganda ina gramu 115 hadi 120. Kisukari ya Tanzania na Kenya, ambayo Waganda huiita ndizi, ni ndogo zaidi na ni tamu sana. Zitahitajika tano, sita au zaidi badala ya tatu, kwa hiyo ni heri kupima kwa mizani. Mzuzu na ndizi nyingine za kupika hazifai, kwani wanga wake huchelewa kugeuka, isipokuwa zimeachwa mpaka ganda liwe jeusi kabisa.

Soda, poda na magadi
Bikabonati ya sodiamu huhitaji asidi ili itoe gesi ya kabonidioksidi inayoinua rojo. Ndizi ina asidi kidogo, na mtindi huongeza. Poda ya kuokea ni bikabonati hiyohiyo iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu, hivyo hufanya kazi hata bila mtindi, ila huhitajika mara tatu hivi ya kiasi cha soda.

Jina la "magadi soda" limewapotosha wapishi wengi, maana sokoni hutumika kwa vitu viwili. Kimoja ni bikabonati safi ya kuokea. Kingine ni magadi yanayotoka katika maziwa ya chumvi kama Magadi nchini Kenya na Natron nchini Tanzania, yale ya kulainishia maharage. Haya ya pili yana kabonati nyingi na ukali zaidi. Keki hugeuka kahawia, huwa chungu na kuacha ladha ya sabuni. Kinachofaa ni kusoma pakiti na kuhakikisha imeandikwa bikabonati.

Utayarishaji
Mapishi yafuatayo hutoa mafini 12 zenye sukari kidogo. Bakuli la kwanza hutiwa gramu 200 za unga wa atta, kijiko kimoja cha chai cha bikabonati, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha mdalasini. Bakuli la pili hutiwa gramu 350 za ndizi zilizopondwa kwa uma, mayai mawili, mililita 60 za mafuta ya kula, mililita 120 za mtindi usio na sukari, na gramu 50 za sukari. Tanuri huwashwa mapema mpaka nyuzi 190 za selsiasi.

Majimaji humiminwa juu ya unga na kukorogwa kwa mwiko mara kumi hadi kumi na tano tu. Madonge madogo huachwa yalivyo. Hapa ndipo wengi huharibu, hasa waliozoea kukanda mandazi: unga wa ngano ukikorogwa sana ukiwa na maji hujenga gluteni, na mafini hutoka ngumu, yenye mashimo marefu ndani kama vichuguu. Rojo likishakuwa tayari halisubiri, kwa sababu soda huanza kutoa gesi mara inapokutana na asidi. Hugawanywa kwenye vikombe hadi robo tatu ya kina na kuokwa dakika 18 hadi 22. Kijiti cha meno kikichomwa katikati kikatoka bila rojo, zimeiva.

Pasipo tanuri, njia ya jiko la mkaa inayotumika pwani kwa mikate ya sinia inafaa pia: sufuria nzito yenye mchanga mkavu kidogo chini, bati la vikombe juu yake, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa juu huwa mwingi kuliko wa chini. Bila makaa ya juu mafini huiva, lakini hubaki nyeupe na zenye unyevu usoni.

Nyuzi nyeusi zinazoonekana ndani ya keki iliyopoa ni za ndizi yenyewe, zilizobadilika rangi kwa hewa na joto. Hazina madhara.

Lishe
Kwa vipimo hivyo, mafini moja ina kilokalori 160 hivi, nyuzinyuzi gramu 2.5 na sukari iliyoongezwa gramu 4. Unga mweupe una takriban robo tu ya nyuzinyuzi za unga usiokobolewa, hivyo kubadilisha unga kuna manufaa zaidi kuliko kunyunyiza mbegu juu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Asali na shira huhesabiwa humo sawasawa na sukari nyeupe. Mapishi yanayojiita "bila sukari" huku yakitia nusu kikombe cha asali yanamdanganya mlaji. Sukari ya ndizi nzima haihesabiwi, ingawa nchini Uingereza sukari ya matunda yaliyosagwa huwekwa katika hesabu hiyo.

Mtu mwenye kisukari anapaswa kukumbuka kwamba hata mafini isiyotiwa sukari kabisa ina wanga wa unga pamoja na sukari ya ndizi mbivu, na vyote hupandisha sukari ya damu. Mgonjwa wa figo aliyeagizwa kupunguza potasiamu hupata madini hayo katika ndizi na pia katika atta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi mafini yenye asali, kwani asali huweza kubeba vijimbegu vya bakteria ya botulizimu, ambavyo joto la kuoka haliviui.

Uhifadhi
Mafini za ndizi zina unyevu mwingi na huota ukungu mapema. Katika joto la pwani hudumu siku mbili ndani ya chombo kilichofunikwa. Kwenye jokofu siku nne au tano, na zikigandishwa miezi miwili hadi mitatu. Hufunikwa baada ya kupoa kabisa, la sivyo mvuke hulowesha uso wake.

Vyakula vinavyofanana
Nchini Uganda ndizi ndogo tamu zilizoiva sana hupondwa na kuchanganywa na unga wa muhogo, kisha husukumwa, hukatwa vipande vya duara na kukaangwa. Chakula hicho huitwa kabalagala. Hakitiwi yai, maziwa wala sukari, na kwa kuwa unga wa muhogo hauna gluteni, huliwa pia na wasiovumilia ngano. Ila hukaangwa katika mafuta mengi.